Maneno Ambayo Kidevu Hakuyasema

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapomsifu Kidevu wetu wa sinema ni kudhani kwamba yule mtu haumwi. Utawasikia: anapigwa ngumi, anatema damu, anaokota kofia yake, anakwenda zake. Wanasifu ngozi, kana kwamba kuna sifa katika kuwa na ngozi ya kiatu. Mimi nasema, ukitaka kumjua Kidevu usitazame anavyopigwa. Tazama mkono wake baada ya kupigwa, jinsi anavyotafuta kitu cha kuegemea, nguzo au shingo ya farasi. Yule mwigizaji alijua kuumwa ni nini, na alituonyesha kila mara. Sisi ndio hatukuona.

Nakuandikia haya kwa sababu siku hizi televisheni inazirudia filamu zake zote, moja kila Jumapili, na mimi mwalimu mstaafu nina nafasi ya kutosha. Kama ujuavyo, masikio yangu yalikwenda likizo na hayajasema yatarudi lini. Ndiyo maana nakulazimisha tuandikiane barua. Simu kwangu ni mtu anayenong'ona ndani ya gunia. Basi nazitazama filamu hizi kwa kusoma maandishi yanayopita chini ya picha. Na nimegundua jambo la ajabu. Miaka yote ile tuliyokuwa tukijazana katika lile banda la sinema, sikupata kumsikia Kidevu hata neno moja. Nilikusikia wewe, umesimama kando ya skrini na kipaza sauti chako, unatufasiria. Kwangu mimi Kidevu ana sauti ya mdogo wangu. Nikisoma maandishi bila sauti yako, naona kama amevaa nguo za kuazima.

Nimeshafikia uamuzi, nawe utaupinga: zile filamu za farasi ni bora kuliko zile za magari na mabomu. Katika za farasi, mtu anaonekana akija kutoka mbali. Unapata nafasi ya kumpima, kujiuliza anataka nini na alilala wapi jana. Katika za magari ameshafika, ameshavunja mlango, na wewe bado unatafuta miwani.

Shemeji yako anakusalimu. Anasema hujapita kwetu tangu mwaka jana. Kulikoni?

Kaka yako


Tarehe 15 Februari

Kaka,

Shikamoo. Farasi! Nilijua tu. Wewe ni mwalimu, unataka kila kitu kiende polepole ili mwanafunzi wa nyuma aelewe. Mimi nipe ile ya treni. Kidevu ameacha upolisi, hana bastola, hana rafiki, yuko juu ya paa la behewa na koti lake limeloa mvua. Huko hakuna nafasi ya kumpima mtu, Kaka. Anakupima yeye.

Lakini kwa heshima yako nakubali kwamba iliyo bora kuliko zote ni ya farasi, nayo ni ile ya kisima. Wamemtupa kwenye kisima kikavu, risasi iko pajani, anapanda kwa kamba mpaka mdomoni mwa kisima. Yule binti ananyoosha mkono. Kidevu anamtazama. Ukumbi wote kimya, hata wale wauza karanga. Ndipo akasema: "Dume halishikwi mkono." Unakumbuka mabenchi yalivyovunjika siku ile? Mpaka leo watu wazima wenye wajukuu wananisalimia mtaani kwa maneno hayo. Wananiita Kipaza, hata mwanangu mwenyewe ameshasahau jina langu.

Kuhusu kuumwa, umekosea. Kidevu haumwi, na mimi ni shahidi. Mwezi uliopita nilikuwa kibandani natengeneza redio ya mtu, tone la risasi ya kuchomelea likaniangukia kwenye kidole cha mguu. Risasi ya moto, Kaka, bado imeyeyuka! Sikusikia hata chembe. Niliona tu kandambili imetoboka. Nikamwambia mteja, "Umeona? Nimepigwa risasi na redio yako inaimba." Akacheka mpaka akakaa chini.

Sijaja kwenu kwa sababu kiatu kimenichuna kidogo. Ni jambo la kupita.

Mdogo wako,
Kipaza


Tarehe 27 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mkubwa hamjambo. Samahani kukuandikia bila Baba kujua. Najua amekwambia ni kiatu. Ndivyo anavyomwambia kila mtu.

Si kiatu. Ni lile tone la redio. Kidonda hakikufunga, na sasa kidole hicho kimekuwa cheusi na cha pili yake kinafuata. Nilikitambua kwa harufu, Baba Mkubwa. Mimi nashona chumba cha mbele, yeye hukaa nyuma yangu akisubiri chai, nikadhani panya amekufa chini ya meza ya kukatia. Nikahamisha vitambaa vyote. Kumbe ni yeye, amevaa viatu vya kufunika ndani ya nyumba, na soksi mbili.

Nilimpeleka hospitali kwa kumdanganya kwamba naenda kupimwa mimi. Daktari alimwambia ana kisukari, na inaonekana amekuwa nacho kwa miaka mingi. Akamwambia vidole viwili viondolewe haraka, basi, atatembea kama kawaida. Baba akajibu kwamba hakiumi. Daktari akamwambia, "Mzee, huko kutouma ndiko kunakonitisha. Mguu wako umeacha kukupa habari." Baba akanyanyuka. Nikataka kumshika tushuke ngazi, akautoa mkono wangu mbele ya watu wote wa foleni, akasema yale maneno yake ya kisima. Watu wawili wakampigia makofi. Nilitamani ardhi inimeze.

Nimejaribu kila njia. Nikisema, ananijibu kwa filamu. Nikilia, anawasha redio. Wewe ndiye mtu pekee ambaye Baba hukaa chini kumjibu. Tafadhali mwandikie, lakini usimwambie kwamba nimekwambia.

Mwanao


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Nimeitazama tena ile ya treni unayoisifu, nami nataka tuijadili kwa utulivu.

Kumbuka anachomwa kisu ubavuni mapema kabisa, kwenye kile choo cha stesheni. Anafunga koti. Yule mama dereva wa treni anamwuliza mara mbili, "Uko sawa?" naye anatikisa kichwa. Sisi bandani tulishangilia, tukasema huyo ndiye mwanamume. Lakini fuata mambo yanavyokwenda. Kwa kuwa mama yule hakujua, alimwachia breki ya behewa la nyuma. Kidevu akazimia akiwa ameishika, na behewa lile likaenda na watu wake. Mwandishi wa filamu hakuliweka jambo hilo pale kwa bahati. Alikuwa anatuambia kwamba aliyeficha jeraha hakujificha peke yake. Alimficha na yule aliyemtegemea.

Ukitaka mfano wa maisha, chukua mtu yeyote mwenye kidonda kisichofunga. Mtu huyo angefanya vizuri kumsikiliza daktari mapema, kingali kidogo. Nasema mtu yeyote tu.

Kiatu kimepoa?

Kaka yako


Tarehe 17 Machi

Kaka,

Nimekuona ukija. Umezunguka mlima mzima juu ya farasi wako, ukadhani vumbi halionekani. "Mtu yeyote tu!" Mwalimu, hukuweza kuficha majibu hata darasani.

Kwa hiyo mtoto amekwandikia. Sawa, sina ugomvi naye, ana moyo wa mama yake. Lakini nisikilize na wewe, mwenye masikio ya likizo.

Yule fundi baiskeli tuliyepakana naye kibanda alianza hivi hivi, kidole kimoja tu, "utatembea kama kawaida." Walipomaliza alikuwa amebaki na paja. Sasa binti zake wanambeba kumpeleka uani kama gunia la mkaa, na wanamwogesha. Nilikwenda kumwona. Alitazama dari muda wote. Mtu aliyekuwa akinyanyua baiskeli kwa mkono mmoja! Mimi nikogeshwe na mwanangu? Yule aliyekuwa ananiona nimesimama mbele ya ukumbi mzima, sauti yangu tu inawapandisha watu na kuwashusha?

Hakiumi, Kaka. Kitu kisichouma kinakatwa kwa nini? Na umesahau sheria ya kwanza ya banda letu: steringi hafi, shujaa lazima aufikie mwisho wa filamu. Kidevu mwenyewe alishatoa neno pale kisimani, na mimi ndiye niliyelifikisha. Silirudishi nyuma leo.

Tuongee habari nyingine. Wiki hii wameonyesha ipi?

Kipaza


Tarehe 24 Machi

Baba Mkubwa,

Naandika haraka, niko kwenye benchi la wodi. Baba aliamka na homa kali, akaanguka akienda kibandani. Majirani ndio waliomleta hapa. Daktari anasema kukata vidole hakutoshi tena, sasa ni mguu, chini ya goti, na wakikawia watapanda juu zaidi au hawatahitaji kupanda tena. Umenielewa.

Dawa imeshusha homa, akili yake iko timamu, na hilo ndilo tatizo: akiwa na akili zake, hawawezi kumgusa bila yeye kukubali. Nao wanamwuliza kila asubuhi. Anasema, "Steringi hafi," wagonjwa wenzake wanacheka, daktari anaondoka.

Barua zako ameziweka chini ya mto. Hamwonyeshi mtu. Mfanyakazi wa kampuni ya mabasi amekubali kunipokelea bahasha kutoka kwako, itafika siku hiyo hiyo.

Mwanao


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Uliniuliza wiki hii wameonyesha ipi. Wameonyesha ile ya kisima.

Nilisogeza kiti karibu mpaka shemeji yako akaniuliza kama nataka kuingia ndani ya televisheni. Nilitaka kuliona lile neno limeandikwa. Kidevu akapanda kwa kamba, kama tunavyojua. Akafika mdomoni mwa kisima. Binti akanyoosha mkono. Kidevu akamtazama, midomo ikacheza, na chini ya picha pakaandikwa:

"Nishike. Siwezi peke yangu."

Nikadhani nimesoma vibaya, kwa maana macho nayo yana umri wake. Jumatano waliirudia. Nikamwita shemeji yako asome kwa sauti karibu na sikio langu lenye nafuu. Akasoma vilevile, "Nishike. Siwezi peke yangu," kisha akauliza kwa nini nimebadilika rangi.

Hapo nikakumbuka jambo jingine, nalo limenishangaza kuliko hilo la kwanza. Yule binti anamshika. Anamshika kwa mikono yote miwili, anaweka mguu kwenye ukingo, anamvuta mpaka wote wawili wanaangukia mchangani. Tuliyaona haya kwa macho yetu, ukumbi mzima, mara ngapi sijui. Tulikuwa tunamwona Kidevu akivutwa kama mtoto huku tukishangilia kwamba halishikwi mkono. Ndivyo sauti yako ilivyokuwa na nguvu, mdogo wangu. Iliyashinda macho ya watu wazima, na yangu yakiwemo, tena mimi nikiwa mwalimu.

Sijui kama ulisikia vibaya kwa sababu ya kelele za jenereta, au lugha yao ilikuponyoka, au ulikuwa kijana aliyetaka ukumbi uvume. Sikuulizi, na wala sikuchukulii ubaya. Ulitufurahisha, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Nataka tu uelewe hesabu hii, maana ndiyo yote niliyokaa kukuandikia: lile neno unalosema huwezi kulirudisha nyuma kwa sababu ni la Kidevu, Kidevu hakulisema. Ni lako. Na neno la mtu mwenyewe halihitaji ruhusa ya yeyote ili libadilishwe. Mfasiri akikosea, anasahihisha, anaendelea, ukumbi unasubiri.

Kuhusu steringi kutokufa, nadhani unajua mwenyewe. Steringi hafi kwa sababu aliyeandika filamu amekataa afe. Mimi na wewe hatujapewa ahadi hiyo.

Unaogopa kuogeshwa na mwanao. Ni hofu ya kweli, siidharau. Lakini tafakari: yule mtoto ameshakivumilia kidonda chako kwa harufu, akahamisha vitambaa vyake vyote akikitafuta, asikuaibishe. Aibu unayojaribu kumkinga nayo alikwisha kuipita. Kilichobaki mbele yake ni kukuogesha au kukuzika, na wewe ndiye unayemchagulia.

Siwezi kuja kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Daktari wangu wa macho amenikataza safari mpaka anitoe kitambaa alichonifunga jicho la kushoto. Kwa hiyo nimetuma sauti yangu kwa karatasi, kama wewe ulivyokuwa ukimpa Kidevu sauti yako.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Baba Mkubwa,

Nilimpa barua yako, akaisoma taratibu. Akairudia. Akaikunja, akasema, "Kaka yangu huyu, miaka yote hii alikuwa ananisahihishia insha." Nikajua ameghadhibika, nikajiandaa kutoka. Akaniuliza, "Yule daktari yuko zamu leo?"

Aliweka sahihi mwenyewe. Walipomhamishia kwenye kitanda cha magurudumu niliogopa kumgusa, nikasimama tu pembeni. Akaninyooshea mkono. Nikaushika mpaka kwenye ule mlango nisioruhusiwa kupita.

Wameukata chini ya goti. Daktari anasema panapona vizuri. Anakula, anawachekesha wenzake, jana amemtengenezea nesi redio akiwa kitandani.

Lakini hautazami, Baba Mkubwa. Nesi akija na bandeji mpya, anageukia ukutani na kuanza kusimulia filamu kwa sauti kubwa, haachi mpaka shuka limerudishwa. Nesi anasema hili si la kuchekea. Ni lazima ajifunze kupasafisha na kupakagua mwenyewe kila siku, na huu mguu uliobaki pia, unyayo na katikati ya vidole, kwa sababu nao hausikii. Anasema macho yake ndiyo yatakayosikia badala ya mguu. Asipotazama, mwakani tutakuwa hapa hapa kwa wa pili.

Nimekaa naye. Cherehani nimeifunika. Naomba umwandikie tena.

Mwanao


Tarehe 4 Aprili

Mdogo wangu,

Nitafika kesho kwa basi la mchana. Usinipigie kelele, zungumza taratibu ukinitazama usoni.

Nimeziona filamu zake karibu zote sasa, za farasi na za magari, nami nina lawama moja kwa mtu yule tuliyempenda. Kila anapojeruhiwa, kamera huondoka. Daktari anakunja mikono ya shati, maji yanachemka, halafu ghafla ni asubuhi nyingine na Kidevu yuko juu ya farasi. Hakuna hata filamu moja iliyotuonyesha siku za katikati: anavyofunguliwa kitambaa, anavyojitazama kwa mara ya kwanza, anavyojifunza kusimama. Labda walidhani hatutalipa kuona hayo. Kwa hiyo hatukufundishwa, na mtu anaweza kufika uzeeni akidhani kwamba siku hizo hazipo.

Zipo, na wewe uko ndani yake. Hakuna wa kukufasiria hapo, wala mimi sina maneno ya kukupa. Najua ni vigumu. Usisubiri nifike ndipo ujikaze mbele yangu.

Leo nesi akija kubadilisha bandeji, utazame mguu wako.

Kaka yako